Mlango wa Buluu wa Fundi Bado

Watu wengi mtaani hawakulijua jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Fundi Bado, na hakuna aliyemwonea. Mpeleke kwenye mlango uliojifunga funguo zikiwa ndani: atapiga goti, ataingiza zana tunduni, atanyamaza kimya. Ukimuuliza, "Vipi fundi, umefungua?" atakujibu, "Bado kidogo." Ngoja, uliza tena. Bado kidogo. Mwenye mlango anabaki kuhesabu vigae vya ukutani na kumlaani kimoyomoyo, mara kitasa kinalia na mlango unafunguka bila mkwaruzo hata mmoja. Hapo Fundi Bado hugeuka akatazama upande wa pili, maana alikuwa na mwiko: yeye hufungua, hachungulii. Ya ndani ni ya mwenyewe.

Mwiko huo alijiwekea mwenyewe, na ulimtesa mwenyewe, kwa kuwa mdadisi kama yeye hujapata kumwona. Alitaka kujua birika hupigaje mluzi, jirani wa juu husogeza fanicha gani kila Jumanne, na kwa nini paka wa duka la vitambaa alikuwa na kengele ilhali hakuwahi kukamata panya. Kwa miaka ishirini na sita alifungua milango, makabati, masanduku ya bibi harusi na mlango mmoja wa choo ambamo bwana harusi alikuwa amejifungia. Hakuna kufuli iliyomshinda. Isipokuwa moja, na hiyo hakupenda kuizungumza.

Jumatano moja aliitwa kwenye ofisi kongwe iliyokuwa ikibadilisha samani. Kabati la chuma halikuwa na ufunguo na hakuna aliyekumbuka nani alilifunga. Aliufungua mlango wake baada ya bado kidogo tatu, kisha akageuka kama kawaida yake.

"Wala usigeuke, fundi," karani alimwambia huku akicheka. "Humo hamna siri, ni takataka tu. Ukiona cha kukufaa chukua, jioni tunatupa."

Si unajua mtu aliyefunga mwaka mzima akiambiwa ale? Fundi Bado alipiga magoti hadi kwenye droo ya chini kabisa. Mtafuta cha mvunguni sharti ainame. Chini ya riboni kavu za mashine ya kuchapa alikuta bahasha, na ndani ya bahasha mlikuwa na daftari la shule na diski moja ya kompyuta yenye picha ya mtu aliyeshika taa. Juu ya diski paliandikwa DEMO. Aliitambua. Alisahau kukunja zana zake, ikabidi karani amkimbilie nazo mpaka ngazini.

Ofisi ile ndimo dada yake alimofanya kazi ya kuchapa barua zamani, akiwa na miaka ishirini na mmoja na mdogo wake kumi na sita. Mwaka ule mama yao alifariki. Kijana aliacha shule, akageukia ukuta wa chumba, akalala. Hali, hasemi. Dada hakujua la kufanya, basi Jumamosi moja akamvuta mkono kama mtoto, akampeleka ofisini ambako bosi alimruhusu kutumia kompyuta baada ya kazi. Diski ile ilikuja bure ndani ya jarida. Ndani yake mlikuwa na mchezo: jumba kubwa, mtu mwenye taa, na vyumba tisa vya kupekua. Mwishoni mwa korido kulikuwa na mlango wa buluu. Ukiugusa, maneno ya manjano yalitokea chini ya skrini kwa lugha ya kigeni, na dada, aliyeijua lugha hiyo, alimsomea: "Ufunguo upo. Endelea kutafuta."

Akatafuta. Jumamosi kwa Jumamosi alitafuta, yeye akibonyeza na kutamka anachojaribu, dada akiandika kila jaribio kwenye daftari ili wasirudie. Hadi ule mlango ukamfanya aende kwa fundi wa kufuli kuuliza kufuli hufunguliwaje. Fundi yule alimpa tupa ya kusugulia chuma na kufuli mbovu, na maisha yakashika njia yake. Lakini mlango haukufunguka, na kwa mtu ambaye riziki yake ni kufungua, hilo ni jiwe kiatuni.

Alimpigia dada yake simu akiwa bado njiani. "Dada, nimeupata ule mlango!"

"Mlango gani?"

"Wa buluu! Wa kompyuta! Jumamosi njoo kwa Mama Waya, nitakufungulia mbele ya macho yako. Safari hii haunishindi."

Dada huyu alikuwa wa kuongea mpaka salio likate. Siku hiyo alisema, "Haya, nitakuja," akakata. Fundi Bado aliulaumu mtandao.

Mama Waya alikuwa fundi wa kompyuta, duka lake limegusana na la Fundi Bado. Alianzia kwenye redio, na hadi leo alivaa nyaya shingoni mfano wa mtandio. Kazi za watu alizijua, funguo zake hakuzijua: mara tatu mwaka ule alijifungia nje, na mara tatu jirani alimfungulia. Kwa hiyo alipoletewa diski hakuweza kujifanya ana shughuli.

"Kompyuta za siku hizi hazina hata mdomo wa kula diski," alinung'unika, akachomeka kisomaji cha pembeni. Mashine yake mpya ikaitazama diski, ikaikataa. Akailaghai mashine kwa kuipangia ijifanye ya zamani. Ikakubali. Jumba likatokea, mtu mwenye taa akatokea, na Fundi Bado alipobonyeza kitufe cha kwenda mbele, mtu yule alichomoka kama ameona nyoka, akagonga ukuta, akarudi, akagonga mwingine.

"Ana nini huyu?"

"Hana kitu. Mchezo wake uliandikwa kwa mashine za polepole. Hii ya kwangu inamkimbiza. Inabidi tumtafutie rika lake."

Rika lake lilikuwa stoo, chini ya feni bovu: kompyuta nzito yenye skrini ya kisogo kirefu. Waliibeba wawili. Ilipowashwa ilikoroma, ikafikiri, ikaamka. Diski nayo ikaanza kukwama kwa mikwaruzo, na Mama Waya akaipaka dawa ya meno, akiifuta kwa pamba kutoka katikati kwenda ukingoni.

"Mbona huzungushi?" Fundi Bado aliuliza.

"Ukizungusha unachora mkwaruzo mpya kwenye njia ya kusomea. Swali jingine?"

Alikuwa nayo mengi. Aliuliza kila dirisha linasema nini. Hili linauliza tuweke wapi mchezo, acha palipo. Hili linataka rangi mia mbili hamsini na sita. Zikizidi? Itagoma. Hili linauliza kadi ya sauti. Mama Waya alichagua ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, spika ikalia mara tatu na paka wa duka la vitambaa akatoka mbio na kengele yake. Mstari wa kupakia ukajaa polepole, ukasimama karibu na mwisho, ukasimama, na wote wawili wakainama bila kupumua.

"Imekwisha?"

"Bado kidogo," Mama Waya alijibu, kisha akajicheka mwenyewe.

Ijumaa saa tisa alasiri, mtu mwenye taa alianza kutembea kwa mwendo wake. Fundi Bado hakuhitaji kukumbuka njia, vidole vilikumbuka. Vyumba tisa, korido, mlango wa buluu. Alisogeza kiti, akauangalia kwa macho ya miaka ishirini na sita ya kazi.

Mlango wa kuvuta huonyesha bawaba. Wa kusukuma huzificha, lakini huacha uwazi mwembamba pembeni, na chini huwa na kizingiti. Huu haukuwa na bawaba, wala uwazi, wala kizingiti. Akiwa kijana alilikodolea macho tundu la ufunguo tu. Sasa aliutazama wote, kutoka juu hadi chini.

"Mama Waya, huu si mlango."

"Ni nini?"

"Ni ukuta. Wamechora mlango juu yake."

Akaugusa hata hivyo. Maneno ya manjano yakatokea, yaleyale. "Hapo wanasema ufunguo upo, endelea kutafuta," alieleza.

Mama Waya alivaa miwani. "Nani kakwambia?"

"Dada yangu."

"Hamna neno ufunguo hapa. Wameandika: 'Hapa ndipo mwisho wa demo. Asante kwa kucheza. Mlango huu utafunguka katika mchezo kamili.'"

"Demo si jina la mchezo?"

"Demo ni kionjo, baba. Wanakuonjesha kijiko kimoja ili ununue chungu kizima." Akachukua simu yake, akatafuta, akasoma, na sauti yake ikapungua. "Na chungu chenyewe hawakukipika. Waliotengeneza walifunga kazi kabla ya kumaliza. Huo mchezo kamili haukutoka."

"Kwa hiyo nyuma ya mlango kuna nini?"

"Hakuna nyuma, Fundi Bado."

Alirudi dukani kwake akakaa juu ya kigoda. Alikasirika, tuseme wazi. Alikasirika kama mtu aliyechekwa na umati mzima. Majaribio mia nne na kumi na mawili! Ujana wake wote kwenye ukuta, na dada yake aliyeijua lugha ile alikuwa kando yake na kalamu mkononi, akiandika kwa utulivu! Alilishika daftari kwa nia ya kulichana. Lakini udadisi ni ugonjwa, na yeye hakuwahi kulisoma. Wakati ule macho yake yalikuwa kwenye skrini, na kazi yake ilikuwa kutamka tu. Akafungua ukurasa wa kwanza.

"1. Amebonyeza vitufe vyote. 2. Ameweka taa chini mbele ya mlango. 3. Amehesabu vigae. Amekaa wima saa nzima." Akaendelea. "9. Amejaribu kurudi kinyumenyume. Amekunywa chai. 17. Amegonga mara saba. Amecheka. 31. Amegonga mara nane. Njiani amenunua machungwa, amekula mawili. 58. Ameniuliza Jumamosi ni lini. 140. Ameamka kabla yangu. 263. Amenigombeza kwa kuandika polepole. Afadhali." Majaribio yalikuwa yakifupika kadiri kurasa zilivyokwenda, na hayo mengine yakirefuka. La mwisho lilikuwa na mstari mmoja: "412. Ameenda kumuuliza fundi wa kufuli. Jioni imefika, hajarudi. Mungu asifiwe."

Fundi Bado alilia pale kigodani bila kujificha. Mteja mmoja alikuja na kufuli, akamwona, akasema atapita kesho.

Jumamosi dada alifika kwa Mama Waya na mkoba wake mkubwa, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Alikuwa amejiandaa, ilionekana alivyosimama mlangoni bila kumtania mtu.

"Umefungua?" aliuliza.

"Nisomee kwanza, Dada. Wameandika nini hapa?"

Alivaa miwani. Aliyatazama yale maneno kwa muda mrefu, kisha akaivua. "Unajua walichoandika."

"Najua. Mama Waya kanisomea jana."

"Basi nisamehe, mdogo wangu." Alikaa kwenye ukingo wa kiti, mkoba magotini kama mgeni. "Ulikuwa na siku kumi na tisa umegeukia ukuta. Nilikuwa nakuamsha nione kama unapumua. Siku ile ofisini ukageuka ukaniuliza, 'Wameandika nini?' Ndilo neno lako la kwanza tangu tumzike mama. Ningewezaje kukusomea kwamba wameandika mwisho?"

Mama Waya aliona heri akatafute waya fulani uani.

Fundi Bado alivuta kiti chake karibu na cha dada yake, akalitoa daftari ndani ya shati, akalifungua kwenye ukurasa mweupe uliofuata, akamwekea kalamu juu yake.

"Andika mia nne na kumi na tatu."

"Jamani, si umeshajua hakuna..."

"Soma kama ulivyosoma siku ile, Dada. Kisha andika."

Dada alifuta miwani kwa ncha ya nguo, akafuta na macho, akaivaa upya. Sauti yake ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Wameandika," alisema, "ufunguo upo. Endelea kutafuta."

Fundi Bado akageuza taa ya yule mtu kuelekea ukuta wa kushoto, ambao hawakuwahi kuugusa, akabonyeza. Kalamu ikaanza kukwaruza karatasi kando yake. Walikuwa wamefika jaribio la mia nne na ishirini na moja Mama Waya aliporudi kutoka uani, nyaya shingoni, akachungulia juu ya mabega yao.

"Enhe! Mmefungua?"

"Bado kidogo," wakamjibu wote wawili.