Chuma Hakitoki Bila Nguo

Baba yangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kericho, na karakana yake iliishi kwa viwanda vya chai: vitanda vya kunyaushia majani, feni, milango ya tanuri. Huku kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri, kwa hiyo sheria yake ilikuwa moja. Hakuna kitu kilichovuka lango bila rangi, hata bawaba ya choo.

"Chuma haitoki kwangu bila nguo," angesema, na mteja mwenye haraka angekaa kwenye benchi akisubiri rangi ikauke.

Kisha ikaja kazi ya darubini. Si ile ya kuchungulia kwa jicho. Hii ina masahani makubwa ya kusikiliza mawimbi ya redio kutoka kwa nyota, na nchi nyingi zinaijenga pamoja katika nyika kavu ya kusini mwa Afrika. Kampuni moja ya Nairobi ilikuwa ikitafuta karakana ndogo za kuitengenezea masanduku ya chuma ya kufungia vifaa vya umeme, ili kelele za vifaa hivyo zisitoke nje na kuzima minong'ono ya nyota. Nilikuwa nikifanya kazi na Baba, nikaomba, nasi tukaambiwa tulete sanduku moja la mfano.

Baba aliitangaza kazi hiyo kanisani kabla hata hajakata bati. Sijawahi kumwona akipenda kazi vile.

Mchoro ulitaka ukingo ambapo mfuniko hugusa sanduku uachwe wazi, chuma kwa chuma. Nilimsomea.

"Hao watu ya jangwani hawajui mvua ya huku," akasema.

"Lakini drawing imesema, Baba."

"Drawing haijanyeshewa, mama," akasema; ndivyo alivyoniita mimi bintiye.

Nilicheka, nikidhani ni utani, nikaenda kupeleka majani ya chai ya shamba letu kwenye kituo cha kununulia.

Siku ya Nairobi alivaa koti lake la kanisani. Mhandisi alipoinua mfuniko, nikauona: mstari wa kijani, rangi ileile ya vitanda vya chai, umenyooka ukingo mzima. Mhandisi akatia ndani redio ndogo iliyokuwa ikiimba, akafunga. Sanduku zuri lingeikatia stesheni, lakini rangi ilikuwa imetenganisha chuma na chuma, na mawimbi yakapenya hapo. Redio iliendelea kuimba.

"Welding yako ni safi sana, mzee," mhandisi akasema. "Toeni tu hii rangi ya ukingo, halafu mrudishe."

Mtu mwingine angefurahi. Baba alisikia kwamba kazi yake imerudishwa. Tulipofika nyumbani, akaliingiza sanduku chini ya meza na kulifunika gunia. Alisema atalikwangua Jumatatu. Yeye alikuwa na kiburi na mimi nilikuwa na hasira, kwa hiyo tulinuniana hadi Jumamosi, alipoanguka kando ya tangi la maji. Hospitalini walisema ni presha. Hakuamka tena.

Nilimkasirikia kwa ile rangi, nikamkasirikia zaidi kwa kufa. Bado namkasirikia, na sioni haya kuandika hivyo.

Baada ya mazishi, Mama ndiye aliyeuliza, "Na ile sanduku?"

Nikalitoa. Nikakaa nalo mlangoni na msasa. Baba hakuwa ameacha hata pembe moja. Alikuwa amepaka kwa subira, hata unywele wa brashi haukubaki kwenye rangi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mwisho ya mikono yake, na mimi ndiye niliyetakiwa kuifuta. Vumbi la kijani liliniingia kwenye kucha. Nililia mpaka nikawa siuoni ukingo, nikaendelea kwa kupapasa.

Nilipomaliza nilichukua redio yake ya karakana, ile ya nyimbo za Kipsigis za kanisa, nikaitia ndani na kufunga mfuniko. Wimbo ukapotea. Ikabaki shhh, kama mvua ya mbali juu ya bati. Sanduku lilikuwa limefaulu, na aliyetaka kusikia hivyo hakuwapo. Nikafungua haraka ili wimbo urudi.

Asubuhi nilikuwa nikilipakia kwenye pikap, ukingo wake ukiwa mtupu bila rangi, na mawingu yameshashuka, Mama alipotoka nyumbani akiwa amebeba lile koti la Baba la kanisani. Akalifunika sanduku, akafunga vifungo vyote kimoja kimoja.

"Sasa peleka," akasema.