Mstari wa Ndoa kwenye Cheti cha Kifo

Siku ya kwanza kazini, pale Kasongo, nilifika na viatu vya kuazima na barua ya mume wangu. Ninyi wasichana wa leo mtacheka, lakini sheria ya wakati wetu ilikuwa hivyo: mwanamke mwenye ndoa hakuajiriwa bila ruhusa ya bwana. Shefu wa biro, yaani mkuu wa ofisi, aliisoma ile barua mara mbili. Mimi hakuniangalia hata mara moja. Akanisukumia rejista. "Mama, hapa hatuandike mawazo yetu. Andika kile mutu anatamuka." Iliniuma sana. Mwaka haukwisha, akawa ananipa vitabu vya wenzangu nivisahihishe.

Kazi yetu, eta sivili, ni kuandika waliozaliwa, waliooana na waliokufa. Kila habari ina mtamkaji, yaani yule anayeileta na kutia sahihi, pamoja na mashahidi wawili. Rejista haifutwi. Ukikosea, unapiga mstari mmoja na kusahihisha pembeni. Mistari yangu ya makosa ni ya kuhesabu. Najisifu, ndiyo, nani mwingine atanisifu?

Baadaye nilihamishiwa biro moja ya sekta, yaani ya tarafa ya vijijini, upande wa Kabambare. Huko nikakuta ujanja. Mwanaume akifa, ndugu zake walikimbia kutamka kifo kabla mjane hajatoka matanga, na kwenye mstari wa ndoa wakasema marehemu hakuoa. Kwenye karatasi mjane akawa mgeni tu. Nyumba na shamba vilirudi kwa ukoo, naye achague: arithiwe na shemeji au afunge mizigo. Nakiri, vyeti kadhaa vya namna hiyo niliviandika kwa mkono huu. Nilijiambia naandika kinachotamkwa.

Halafu akaja mama mmoja kutoka Wamaza, kwa miguu, na kitambaa cha matanga kichwani. Alimkuta shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, amekwisha kuketi mbele ya meza yangu na mashahidi wake.

"Mama," akaniambia, "niko na watoto wane na shamba ya muhogo. Ukiandika vile huyu anasema, leo mangaribi tutalala wapi?"

Shefu wangu wa huko akatoa kichwa mlangoni. "Usiingie mambo ya jamaa. Andika, umalize."

Nikashika kalamu. "Sawa, Baba," nikamwambia shemeji kwa adabu zote. "Ndugu yako hakuoa. Ila nasikia kwa wazazi wa huyu mama mulipeleka mbuzi wawili tu, tena wamekonda. Ni kweli?"

Kwetu, anayepeleka mahari ya mdogo wake amebeba heshima ya ukoo mzima. Mzee alisimama.

"Wawili? Nani anasema? Mimi mwenyewe nilipeleka mbuzi nane, wote wanono! Hata hawa mashahidi walikuwa pale."

Mashahidi wakatikisa vichwa kukubali kabla hawajajua wanakubali nini.

"Asante, Baba. Umetamka." Nikaandika: ameoa. Jina la mjane nikaliweka kwa herufi kubwa. Mzee alikataa kutia sahihi, basi mjane mwenyewe akawa mtamkaji, akaweka kidole. Shefu alisoma, akakohoa, akapiga muhuri. Mama yule hakutolewa nyumbani kwake.

Tangu hapo sikuandika tena "hakuoa" bila kuuliza habari za mahari. Sasa nimestaafu, nalima mpunga wangu, na wasichana huniuliza kama kalamu inaweza kugeuza desturi. Mimi nawaeleza mwezi wangu wa mwisho kazini. Aliingia mzee mwenye fimbo, anamwongoza binti yake aliyefiwa na mume. Nilimtambua mara moja: yule shemeji. Macho aliyaweka chini.

"Mama," akasema, "wakwe wake wako njiani wanakuja. Andika mutoto wangu mbele ya wao kufika."