Mke Ambaye Hajamwona Mumewe

Siku yangu ya kwanza benki nilishtuka kwa sababu sikuona pesa. Nilikuwa nimetoka Maragoli na cheti cha darasa la sita, na kichwani nimejijengea chumba kilichojaa noti mpaka dari. Nilichokuta ni meza, wino, makarani walioinama na kimya cha kanisani. Karani Mkuu, Mhindi mwenye miwani, alinipa kaptura ya kaki na mfuko wa ngozi.

"Sasa wewe tarishi," akasema. "Kazi yako kupeleka karatasi na kurudisha karatasi. Hapana poteza, hapana simama barabarani kuangalia motokaa."

Nililala Parklands, nyuma ya nyumba ambamo mjomba wangu alikuwa mpishi. Kila asubuhi nilishuka mjini kwa miguu kupitia Ngara, nikiota. Nilikuwa kijana wa kuota sana, hasa habari za meli, ingawa bahari yenyewe sijawahi kuiona. Kwa hiyo wateja niliowapenda kuliko wote ni wale waliokuwa wakihama nchi.

Ninyi mnaosoma haya huenda hamjui kwamba siku zile mtu hakuondoka Kenya hivi hivi. Kwanza alikwenda ofisi ya kodi ya mapato akapewa hati ya kuonyesha kwamba hadaiwi. Bila hati hiyo wakala wa meli hakumpa tikiti, wala sisi hatukufunga akaunti yake na kuhamisha akiba yake ng'ambo. Aliyekwenda kuolewa alikuwa na taabu zaidi, maana sheria ilihesabu mapato ya mke kuwa ni ya mumewe. Wengi hawakulijua hilo. Hata mimi sikulijua, mpaka ilipofika zamu ya Mwalimu Zubeda.

Mwalimu Zubeda alifundisha shule ya wasichana, na tangu aanze kazi alikuwa akiweka akiba kwetu. Baba yake, Bwana Yakub, aliuza vitambaa Ngara. Mchumba alikuwa Karachi. Kwao, bwana harusi akiwa mbali, humteua wakili akae mahali pake ndoa ifungwe. Basi ndoa ikafungwa Ijumaa, biriani ikaliwa, na mume hakuwepo. Jumatatu baba na binti wakaja kuhamisha akiba, kwa kuwa meli ilikuwa karibu kuondoka Mombasa. Karani Mkuu akanituma nifuatane nao hadi ofisi ya kodi na barua ya benki.

Kumbe kosa lilikuwa limeshafanyika. Bwana Yakub, kwa furaha ya mzazi, alikuwa amemwambia binti ajaze fomu kama mke wa mtu. Ofisa wa kodi, Mzungu mpole tu wa kuzungumza, akaisoma kisha akaiweka kando. Akasema kwa Kiingereza kwamba mapato ya mke ni ya mume, kwa hiyo mume alete hesabu zake kwanza.

"Mume wangu hajawahi kufika Kenya," Mwalimu akasema.

Ofisa akafungua kitabu cha sheria, akapitisha kidole, akapata mahali. Alisema mke huhesabiwa na mumewe ikiwa wanaishi pamoja. Kisha, mbele ya foleni nzima, kama mtu anayeuliza saa, akamuuliza kama amewahi kuishi na mume wake.

Mwalimu akavuta mtandio usoni. Bwana Yakub hakujua Kiingereza, lakini aliona. Akanigeukia.

"Kijana, Mzungu nasema nini?"

Mzee wa rika la baba yangu, na binti yake amesimama pale pale. Kwetu mtu angetoka nje kabla ya kulitamka neno kama hilo.

"Bwana, anauliza kama Mwalimu amekaa nyumba moja na mume wake."

"Nyumba gani?"

"Nyumba tu, Bwana. Kama mtu na mke wake."

Uso wake ulibadilika. "Mimi naleta binti yangu hapa kwa habari ya kodi, yeye nauliza habari ya chumba? Mwambie huyu mke kamili. Shehe alisoma, watu yote ya Ngara alikula. Nani nasema huyu hapana mke?"

Hapo ndipo niliposhtuka hasa. Mzee alikuwa akitetea heshima ya binti yake, na heshima hiyo ndiyo ingeifunga akiba yake Nairobi, na meli iende bila yeye. Na wa kuyafasiri maneno hayo ni mimi, tarishi wa kaptura.

"Anasemaje?" ofisa akaniuliza.

Kabla sijajibu, Mwalimu aliinua uso. "Anasema nimeolewa, na ni kweli," akamwambia kwa Kiingereza. "Lakini mume wangu sijamwona. Nina picha yake tu, tena ya pasipoti."

Nyuma yetu mtu akacheka. Ofisa hakucheka. Akasema kwamba kwa mambo ya kodi, basi, mama huyu yuko peke yake, akaigonga hati muhuri.

Tulirudi benki. Meneja, kama ilivyokuwa desturi, alimuuliza baba, si binti, kama akiba iende kwenye akaunti ya mume. Bwana Yakub akaitikia kwa kichwa. Mwalimu akaiweka hati mezani.

"Serikali imesema mbele ya watu kwamba niko peke yangu," akasema. "Nimevuliwa nguo kwa ajili ya neno hilo. Basi pesa ziende kwa jina langu."

Karani Mkuu akavua miwani. Sote tulikuwa hatujaona jambo kama hilo. Nilimtazama mzee, nikingoja apige meza.

"Andika jina yake," akamwambia Karani Mkuu. "Leo huyu amelipa zaidi ya kodi."

Baada ya hapo nilipanda polepole: karani wa barua, kisha keshia tawi la Karen chini ya Meneja Msaidizi aliyependa mbwa kuliko wateja, mwisho msimamizi wa kaunta mjini. Kisa cha Mwalimu Zubeda nilikisimulia kila tawi, nikikiita maajabu ya enzi za Wazungu.

Nilipostaafu nilikaa sebuleni kujaza karatasi yangu ya mwisho ya kodi. Mke wangu, naye mwalimu, alikuja na chai akachungulia.

"Mshahara wangu unafanya nini kwenye karatasi yako, Baba Aggrey?"

"Ni sheria, mama. Mapato ya mke ni ya mume."

"Bado?"

"Ikiwa wanaishi pamoja."

Akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo kosa langu ni kuishi na wewe."

Kesho yake tulipanga foleni benki, akafungua akaunti yake mwenyewe. Keshia kijana akamuuliza mume wake ni nani.

"Ni huyu," akasema. "Amenisindikiza tu."