Picha Iliyoitikia Sello

Mume wangu hutundika picha kwenye makumbusho. Ni kazi, msicheke. Miaka ishirini na mitatu, hakuna picha yake iliyokwenda upande. Hata kalenda ya jikoni kwangu ameipima kwa pima maji. Watu humwita Fundi, nami pia. Ana desturi moja: kabla ya kushika fremu huvua pete ya ndoa isije ikaikwaruza, akaitia mfuko wa shati.

Pete hiyo ilipotea miaka tisa iliyopita, siku walipotundika picha kubwa ya bustani kwenye ukumbi mkuu. Walikuwa wawili tu, yeye na mdogo wangu wa kiume aliyekuwa akimsaidia. Fundi alipomaliza akapapasa mfuko, hamna. Wakafagia ukumbi mzima. Jioni ile alimwambia shemeji yake maneno ambayo sitayarudia. Mimi, nikijifanya mpatanishi, nikampigia mdogo wangu nikamwambia, "Irudishe tu, yaishe." Hakukanyaga tena kwetu. Mwaka juzi tulimzika mama, yeye kasimama upande wake wa kaburi, sisi upande wetu.

Basi Jumapili iliyopita makumbusho wakaja na mambo mapya: muziki wa klasiki mbele ya picha, kila wimbo na picha yake. Mchana kweupe, wageni wamependeza, mimi niko safu ya tatu viatu vinanibana. Ilipofika zamu ya picha ya bustani, akaketi dada mmoja na sello, ile fidla kubwa ya kubana kwa magoti. Akavuta sauti nene ya chini. Picha ikaitikia, zzzz.

Akaacha, ikanyamaza. Akavuta tena, zzzz. Mkuu wa makumbusho akamtazama Fundi kwa jicho ambalo hata mimi lilinichoma. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ikabidi watangaze mapumziko.

Fundi na mlinzi wakaiteremsha picha, wakailaza kifudifudi mezani, Fundi akafungua ubao wa nyuma. Nikasogea nimwambie asihangaike, ni skrubu tu imelegea. Haikuwa skrubu. Pete ilikuwa kwenye kona ya chini, kati ya turubai ya picha na mbao, imejaa vumbi. Ilimdondoka mfukoni siku ile alipoinama kufunga ubao.

 Fundi alikaa sakafuni na suti yake.  Tumbo la mama yangu lilizaa wawili tu, na mmoja nilimhukumu kwa simu ya dakika moja. Nilijiogopa, wallahi.

"Mpigie wewe," Fundi akasema. "Simu yangu hapokei."

Mdogo wangu akapokea upesi. Tangu mazishi sikuwa nimempigia.

"Dada, nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Pete imeonekana." Nikamweleza ilikokuwa, nikamwomba radhi, maneno yakinipotea.



"Mama aliniuliza mpaka wiki yake ya mwisho," mdogo wangu akasema. "Nikimpelekea uji ananishika mkono, ananiuliza kwa upole tu, mwanangu, uliiuza wapi?"