Nilimfungia Mume Wangu Kwenye Kibanda cha Vioo

Nianze na la aibu kabisa, msije mkadhani kuna mtu alinisukuma: kosa ni langu. Fundi hana kosa, boti haina kosa, hata yule mwanamke hana kosa. Ni mimi na wivu wangu!

Mimi na mume wangu tunaishi Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika. Majina niacheni nayo, yeye nitamwita Baba Watoto. Tulinunua boti ya injini, zile za starehe, kutoka kwa mzungu mmoja aliyekuwa anahama Bujumbura. Haikutengenezwa kubeba mawese na ndagala, dagaa wa ziwa letu, lakini kwetu ilijifunza kazi. Siku ambazo esansi ya kutia injini inapatikana tulikuwa tunapeleka abiria Nyanza-Lac na kuwarudisha.

Usukani ulikuwa wazi, katikati ya watu. Baba Watoto alisimama pale shati likipepea, mkono mmoja unaongoza boti, mwingine unasimulia. Jamani, mume wangu anajua kusimulia! Alianza kisa tukitoka Rumonge, akakikata makusudi tukikaribia kufika. Abiria wanapiga kelele, yeye anasema, "Mwisho ni wakati wa kurudi." Kuna bibi mmoja alikuwa anapanda bila mzigo. "Mimi sina kazi Nyanza-Lac," alisema. "Nataka tu kujua ule mukwe alikimbilia wapi."

Nilipaswa kushukuru. Badala yake nilikuwa nahesabu wanawake wanaocheka.

Aliyeninyima raha zaidi ni muuza mawese mmoja, nimwite Mama Mawese. Ana kicheko cha kutoka tumboni, na akicheka lazima amshike mtu bega. Na bega lililokuwa karibu siku zote lilikuwa la mume wangu! Mimi niko nyuma na vikapu vyangu vya ndagala, naliangalia lile bega, roho inachemka.

Boti ilipopandishwa nchi kavu kupakwa rangi, fundi akauliza, "Mama, pa nahodha tuache wazi ao tufunge?"

"Acha wazi," akajibu Baba Watoto. "Mimi upepo nausikia na mashavu. Ukinifunga, ziwa litanigeuka sijajua."

Alisema kweli, na kila nahodha wa pwani hii angesema hivyo hivyo. Lakini mimi nilikuwa nimeshapanga yangu. Nikataja mvua. Nikataja jua. Nikataja heshima, eti boti za wakubwa zote zina vioo. Hakutikisika. Basi nikatoa silaha ya mwisho, nikalia! Nikamwambia kikohozi chake kinanitisha, upepo utamla kifua, watoto wabaki yatima. Alikuwa amekohoa siku mbili tu, tena kikohozi cha vumbi.

Akanitazama kwa huruma. "Kama ni kwa ajili ya kifua changu, basi funga."

Ile huruma yake ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Fundi akasimamisha kibanda cha mbao, akatia vioo alivyovitoa kwenye basi dogo bovu. Kimoja kilikuwa bado na maandishi ya Kifaransa ya kuonyesha pa kutokea kukiwa na hatari. Mlango ukawekwa komeo. Pazia la maua nilishona mimi mwenyewe.

Safari ya kwanza, kimya! Abiria nje wamekaa kama watu wa msibani, Baba Watoto ndani anatokwa jasho. Alijaribu kusimulia kupitia kioo. Tukawa tunaona mdomo unafunguka, mikono inaruka, macho yanatoka. Yule bibi akaniuliza, "Bwana yako iko anafukuza nyuki?"

Mzee mmoja akamjibu, "Hapana, iko anaomba kutoka."

Watu wakacheka na mimi nikacheka nao. Moyoni nilikuwa nasema, haya, leo Mama Mawese atashika bega la nani? Nilijiona nina akili kuliko Rumonge nzima.

Wiki haikuisha. Siku hiyo sikusafiri, nilikuwa mwaloni nasubiri boti irudi, nimevaa gauni langu la Ijumaa. Ziwa lilikuwa limechafuka. Boti ikatokea. Natazama kibandani, naona vichwa viwili! Nakaza macho: Mama Mawese! Ameinama kumwelekea mume wangu, na lile pazia langu la maua limefungwa nusu. Wanawake waliokuwa wanaanika ndagala wakaacha kazi. Mmoja akapaza sauti, "Mama, ile chumba yako imepata wageni!"

Nimemjengea chumba! Kwa jasho langu, na komeo juu!

Sikungoja boti ifike. Niliingia majini na gauni langu, maji mpaka kiunoni, kandambili mkononi, nikapiga kioo pa! pa! pa! Nikapiga ukelele mwalo mzima ukasikia: "Nilikufungia humo ili huyu asikuguse, na wewe unamwingiza ndani!"

Mlango ukafunguka. Mama Mawese akatoka kwanza, amekumbatia ndoo. Kitambaa cha kichwa kimelegea, midomo imekauka. Alikuwa anatapika tangu mawimbi yalipoanza, ndiyo maana alipewa nafasi ndani. Akanitazama, akataka kusema neno, akarudisha kichwa kwenye ndoo.

Watu walicheka mpaka wakashika magoti. Baba Watoto hakucheka. Alizima injini, akapangusa jasho, akaniuliza taratibu, "Kumbe haikuwa kifua changu?"

Afadhali angenitukana!

Kesho yake alikwenda kuendesha boti ya mtu mwingine, boti kuukuu inayovuja, lakini usukani wake uko wazi. Nyumbani hakuhama. Anakula, anacheza na watoto, hakuna anachokosa kutuletea. Ila visa vimekwisha. Zamani alikuwa ananisimulia mimi kwanza, jikoni, nikichambua mchele. Nikicheka ndipo anajua kisa kimeiva, anaweza kukipeleka ziwani. Sasa anamaliza kula, anasema, "Murakoze, mama," asante ya Kirundi, kama mtu aliyekula kwa jirani, anainuka.

Kibanda nilikivunja kwa nyundo mwenyewe. Nikamwita aje kuona. Akaizunguka boti, akashika usukani, nikadhani tumepona. Akasema, "Iko muzuri. Tafuta nahodha."

Mama Mawese nilimfuata kumwomba msamaha, nimembebea ndoo mpya. Alicheka kicheko chake chote, akanishika bega. Kumbe anashika kila mtu! Nililia pale pale mbele ya madumu yake ya mawese.

Siku hizi kila Alhamisi najifunika kitenge, nalipa nauli kama watu wengine, nakaa kwenye ubao wa nyuma wa ile boti inayovuja. Maji yananilowesha miguu na mimi nasikiliza. Alhamisi iliyopita, wakati wa kurudi, alisimulia mtu aliyepoteza ufunguo wa nyumba ya mkwe wake, na mkwe yuko ndani. Nilicheka hadi nikasahau kujificha. Akaisikia sauti yangu. Akageuka, akanitazama, kisha akaendelea. Kisa akakikata tulipoanza kuiona Rumonge, kama kawaida yake.

Nyumbani nilimwekea chakula, nikashindwa kuvumilia. "Sasa yule mkwe alitokaje?"

Alitafuna kwanza. Mara ya kwanza tangu siku ile ya kandambili, nikaona mdomo wake unataka kucheka na yeye anauzuia.

"Mwisho iko kwa boti," akasema. "Uje Alhamisi."

Dada zangu, fundi akiwauliza pafungwe ao paachwe wazi, msiseme mvua, msiseme jua, na kifua cha mtu msikisingizie kabisa. Semeni ukweli mapema, hata kama ni wa aibu, maana mimi niliutoa nikiwa majini hadi kiunoni. Alhamisi hii ninawahi mapema. Nataka ubao wa mbele.