Jina la Nakhungu

Mimi Sandra si daktari. Nimesema hivyo mpaka nimechoka, lakini Mzee Wepukhulu wa Sirisia aliniita daktari tangu siku ya kwanza nilipoingia kwake Bungoma na chupa zangu kutoka maabara yetu ya Kitale. Kazi yangu ni kuchota tope la kinyesi cha ng'ombe kwenye shimo lake la biogesi, basi. Wenye digrii zao ndio wanaosoma jenomu, yaani taarifa za urithi, za vijidudu vinavyotengeneza gesi mle ndani.

Shimo lilichimbishwa na mkewe, Nakhungu. Akapikia gesi yake mwaka mmoja tu, akafa. Mtoto hawakujaliwa. Mzee akabaki peke yake na ng'ombe wawili, na mimi mara moja kwa mwezi. Alikuwa akinishikilia kwa maneno mpaka nakasirika: ati ng'ombe amekohoa, ati mvua imenyesha Lugulu ikaruka hapa. Jamani, kumbe mtu anaweza kukaa wiki nne na maneno yote hayo mdomoni!

Halafu mdomo wangu huu ukaniponza. Majibu yalionyesha kijidudu ambacho hakijawahi kuandikwa popote duniani, nami nikamwambia kwamba kipya hupewa jina. Mzee akauliza, "Sasa daktari, si mnaweza kumpea la mama, Nakhungu? Kwetu mtu akikufa, jina linaenda kwa mtoto wa nyumba yake. La huyu halina mahali pa kuenda."

Nikasema ndiyo. Nani alinituma?

Akatangaza kanisani. Watu walicheka hadi machozi, ati mzee amepata mtoto kwenye mavi. Yeye akawaambia wacheke tu, mtoto ni mtoto.

Wakubwa Kitale wakanitolea macho. Kwa kanuni zao, jina rasmi linataka kijidudu kikuzwe peke yake kwenye chupa. Tulijaribu miezi minane. Hicho hakiishi bila kijidudu kingine kando yake. Kila tulipokitenga, kilikufa. Wakakipa namba, wakaendelea na mengine.

Nilienda kumwambia nikiwa nimevimba kwa hasira, sijui hasira ya nani. Nilimkuta ameshanitolea kiti nje, amevaa shati la kanisani na ilikuwa Jumanne. Nikamweleza yote bila kumwangalia usoni.

"Kwa hivyo peke yake hawezi," akasema.

"Hawezi, Baba. Nisamehe. Nilikuahidi kitu ambacho si changu."

"Hata mkimpea chakula?"

"Hata tukimpa chakula."

"Anamaliza siku ngapi?"

"Kumi. Kumi na mbili akijitahidi."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia habari za mgonjwa anayemjua.

"Mimi huu ni mwaka wa sita," akasema.