Fundi Miavuli wa Kariakoo

Siku mtaa ulipomkumbuka Pius pale Mnazi Mmoja, mwaka mmoja baada ya vita, dada yake Scholastika alikalishwa kiti cha mbele kabisa, yeye ambaye kila siku alifukuzwa kwenye baraza za watu na beseni lake la maandazi. Alitaka jambo moja tu: isemwe hadharani ni nani aliyemwondoa Pius mjini.

Pius alikuwa fundi miavuli, Mhaya mwenye maneno mengi kuliko kazi. Mvua ikinyesha, alitafutwa. Kiangazi alikaa tu akiwapoteza wageni. Ukimuuliza njia ya Mchikichini, alikuelekeza kwa madoido, kona kwa kona, mpaka ukajikuta Feri, ufukweni. Basi kiangazi kimoja ukaja msako wa wazururaji. Ndugu Sadalla, katibu wa tawi, ambaye mwavuli wake Pius aliutengeneza bure, akamnyooshea kidole: huyu hana kazi. Pius akapakiwa kwenye lori, arudishwe kwao Kagera akalime. Scholastika alipiga magoti kumwombea. Sadalla akamwambia taifa halijengwi kwa machozi.

Askari wa Nduli, mtawala wa Uganda, walipovuka mpaka na kuikalia ardhi ile, majirani walikimbia na ng'ombe wao, Pius akabaki nyuma, askari wakamkuta njiani. Wakamuuliza: majirani na ng'ombe wamekwenda wapi? Akawaelekeza kwa madoido yake yote, kona kwa kona, hadi wakatumbukia kwenye kinamasi. Huku nyuma majirani wakavuka mto. Askari walirudi wana matope hadi kiunoni, wakampiga risasi.

Sasa Sadalla alikuwa jukwaani, sauti imemkauka kwa uzalendo. "Ndugu wananchi, marehemu alikuwa mchapakazi! Sisi ndio tuliomlea!" Ya msako hakuyagusa. Akamwita Scholastika atoe neno, akamnong'oneza asirefushe.

Scholastika alisimama.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba!"

"Mimi namshukuru ndugu katibu. Kaka yangu mji alishauzoea, kwa hiari yake asingeondoka. Ndugu katibu ndiye aliyempandisha lori. Bila yeye, leo tusingekuwa na shujaa."

Wachuuzi waliokaa nyuma wakaangua kicheko. Sadalla alikuwa ameshaanza kupiga makofi, na alipoelewa, hakujua mikono aiweke wapi.